Nambari Pekee Haimkingi Mtoto Garini

"Ajali haina kinga" ni methali ambayo Wakenya wameizoea mno. Husikika matangani, husikika katika taarifa za habari za jioni, na husikika hata katika ofisi ambazo wenyewe hulipwa ili waitafute hiyo kinga. Mimi ni mwalimu wa isimu, na siwezi kuilaumu methali kwa makosa ya wanaoitumia. Naamini kwamba waliotuachia kauli hii walikusudia kumliwaza aliyefikwa na msiba, wala hawakukusudia kumpa udhuru aliyezembea. Leo ningependa kuzungumzia kinga moja ambayo ipo, inauzwa madukani na imefungwa tayari katika magari mengi yanayopita katika barabara zetu, lakini ambayo yaweza kupungua nguvu kwa sababu ya nambari iliyosomwa vibaya. Aliyeisoma vibaya ni mimi mwenyewe.

Miaka mitatu iliyopita shemeji yangu anayeishi Marekani alikuja likizo na kutuletea kiti cha gari cha mtoto. Binti yetu alikuwa na umri wa miaka mitatu. Katika sanduku la kiti hicho palikuwa na nambari kubwa iliyoonekana hata kwa mtu aliyesimama mbali: 65. Hizo ni ratili, kipimo ambacho Wamarekani hawajakiacha, na ambazo ni sawa na kilo 29.5. Nilifanya hesabu hiyo kwa haraka, nikafurahi, nikajiambia kwamba kiti hiki kitatufaa mpaka mtoto amalize darasa la pili. Nilikipeleka garini, nikatafuta vile vyuma viwili vilivyofichwa katika mfinyo wa kiti cha nyuma, nikavisukumia ndoano za kiti cha mtoto hadi zikalia. Mlio huo ulinipa amani, na kwa miaka mitatu sikuufikiria tena.

Mapema mwaka huu nilimpa lifti mwenzangu wa kitivo cha uhandisi, tukielekea Nakuru kwenye warsha. Aligeuka akakitazama kiti kile, akaniuliza mtoto ana kilo ngapi. Nikamwambia kwamba amepita kilo 20 kidogo, lakini hapana neno, kwani kiti kinakubali hadi kilo 29.5.

"Daktari," akaniuliza, "kilo hizo ni za nani?"

"Za mtoto," nikamjibu.

"Na kiti je, chenyewe kinaelea?"

Nilicheka, lakini jioni ile niliporudi nyumbani nilikitoa kiti, nikakipeleka kwa jirani mwenye duka la nafaka, tukakipima katika mizani yake. Kilikuwa na kilo 10. Binti yetu alikuwa na kilo 21 na nusu. Jumla ni kilo 31 na nusu. Kisha nikakigeuza kiti ubavuni, nikasoma kibandiko chenye herufi ndogo ambacho sikuwahi kukisoma. Kilieleza kwamba mikanda ya ndani ya kiti inaweza kumfunga mtoto hadi ratili 65, lakini kwamba vile vyuma vya gari visitumiwe kukishikilia kiti pindi mtoto anapozidi ratili 43, yaani kilo 19.5. Binti yetu alikuwa amekwisha kuuvuka mpaka huo, na mimi, mtu wa maneno, nilikuwa nimesoma nambari nikaacha maneno.

Yafaa nieleze mambo haya kwa utaratibu, kwani najua wengi wa wasomaji wa safu hii ni walimu na wanafunzi ambao watataka kujua msingi wake. Vyuma ninavyovitaja, ambavyo katika makala haya nitaviita vishikizo, ni vijiti viwili vya duara vilivyofungwa katika mwili wa gari, pale mgongo wa kiti cha nyuma unapokutana na makalio yake. Kila kimoja kina kipenyo cha milimita 6, na umbali kati yao ni milimita 280. Vilibuniwa kwa sababu wazazi wengi walishindwa kukifunga kiti cha mtoto kwa mkanda wa gari bila ya kukiacha kikitikisika. Marekani ilitoa kanuni ya kuvilazimisha mwaka 1999, na magari yote madogo yaliyoundwa kwa ajili ya soko la huko kuanzia Septemba 2002 yakatakiwa kuwa navyo. Mfumo huo huitwa LATCH. Katika nchi nyingine mfumo wa jamaa moja na huo hujulikana kwa jina la ISOFIX.

Kanuni hiyo ilipoandikwa, viti vingi vyenye mikanda yake ya ndani vilikuwa vya watoto wasiozidi ratili 40, yaani kilo 18 hivi. Baadaye watengenezaji walianza kuunda viti vya watoto wakubwa zaidi, wa ratili 65 na kupita, na viti vyenyewe vikawa vizito. Vishikizo vikabaki vile vile. Hapo ndipo lilipozuka swali ambalo mwenzangu aliniuliza njiani: kilo hizo ni za nani?

Tukumbuke kwamba katika ajali chuma hakiulizi kama uzani kinaouzuia ni wa mwili wa mtoto au wa plastiki na chuma cha kiti chake. Chukua mfano wa gari linalokwenda kwa kasi ya kilomita 50 kwa saa, mwendo ambao dereva wa hapa kwetu huuona kuwa wa kobe. Likigonga ukuta na kusimama katika umbali wa nusu mita, basi kila kilichomo ndani yake husukumwa mbele kwa nguvu inayokaribia mara 20 ya uzani wake. Mtoto na kiti chenye jumla ya kilo 30 huvuta vishikizo kana kwamba ni mzigo wa kilo 600, yaani zaidi ya magunia sita ya mahindi ya kilo 90 kila moja. Kila kilo ya ziada, iwe ya mtoto au ya kiti, huongeza karibu kilo 20 katika mvuto huo.

Hata hivyo, kwa muda mrefu wazazi wa Marekani hawakupewa jibu moja. Watengenezaji wa magari wengine walitaja ratili 40 za mtoto, wengine 48, na waliotengeneza viti nao walikuwa na nambari zao. Mzazi aliyenunua gari kwa mmoja na kiti kwa mwingine alibaki na vitabu viwili visivyosikilizana. Ndipo mwaka 2012 shirika la serikali ya nchi hiyo linalosimamia usalama wa barabara kuu, NHTSA, likatoa kanuni kwamba uzani wa mtoto na wa kiti, ukijumlishwa pamoja, usizidi ratili 65 pale vishikizo vya chini vinapotumika. Viti vyenye mikanda ya ndani vilivyoundwa kuanzia tarehe 27 Februari 2014 vikatakiwa kuwa na kibandiko kinachomwambia mzazi uzani wa mtoto ambao akifika hapo, vishikizo viachwe.

Naomba msomaji alitazame jambo hilo kwa makini, maana ndilo kiini cha hoja yangu. Kanuni hiyo haikuongeza unene wa chuma hata kidogo. Vishikizo vilibaki na kipenyo kile kile cha milimita 6. Kilichorekebishwa ni maelezo. Wataalamu walikubali kwamba si haki kumtaka mama au baba akipime kiti, akakumbuke kikomo cha jumla, kisha atoe. Hesabu hiyo ikawa ya mtengenezaji, na mzazi akapewa jibu lililokamilika: mtoto wako akizidi uzani huu, tumia mkanda wa gari. Nchi ile tajiri iliona kwamba hatari iliyokuwapo ilitokana kwa sehemu kubwa na sentensi isiyotimia.

Mwanafalsafa Mwingereza J. L. Austin alitufundisha kwamba kusema ni kutenda. Kwamba mtu anapotamka "naahidi" huwa amekwisha kufanya jambo. Kikomo cha uzani ni tendo la aina hiyo. Ni ahadi yenye masharti. Mtengenezaji anasema: hadi hapa nakuahidi, kupita hapa sikuahidi. Sidai kwamba chuma kitakatika mara mtoto anapoongeza gramu moja, wala wataalamu hawadai hivyo. Lakini mzazi anayevuka kikomo anaendelea kuitegemea ahadi ambayo hakuna aliyempa. Mimi niliitegemea hivyo kwa muda ambao siujui urefu wake, kwa sababu sijui ni siku gani binti yangu alivuka kilo 19 na nusu.

Nambari yenyewe pia si amri iliyoshuka kutoka mbinguni. Katika nchi zinazofuata kanuni za Umoja wa Mataifa, kanuni ya 129, iliyoanza kutumika mwaka 2013, huruhusu jumla ya kilo 33 kwa mtoto na kiti kinachoshikiliwa na ISOFIX, na huwapanga watoto kwa kimo chao badala ya uzani pekee. Kwa nini 29.5 huku na 33 kule? Kwa sababu mifumo yenyewe inatofautiana katika namna ya kupimwa na katika vifaa vingine vinavyosaidia, kama vile ukanda wa juu au mguu unaokita kwenye sakafu ya gari. Kila nambari ina maana ndani ya mfumo wake tu. Ni kama neno: "kata" la mchota maji si "kata" la karani wa uchaguzi, na anayelihamisha bila muktadha wake atapotosha.

Sasa tuje nyumbani. Sehemu kubwa ya magari madogo tunayonunua hapa Kenya ni yaliyokwisha kutumika Japani, ambayo sheria yetu inataka yasiwe na umri wa zaidi ya miaka 8. Japani imewataka madereva wawaweke watoto wa chini ya miaka 6 katika viti vyao tangu mwaka 2000, na hivyo magari mengi yanayotua bandarini Mombasa yana vishikizo, ingawa wenye magari hayo wengine hawajapata kuingiza vidole katika mfinyo wa kiti kuvitafuta. Gari langu lilikuja na kitabu chake cha maelezo. Ni kizuri, kina picha, na kimeandikwa kwa Kijapani chote. Nina shahada ya uzamifu katika isimu, lakini sikuweza kusoma ukurasa hata mmoja.

Viti vya watoto navyo vinatoka kila pembe ya dunia: vingine Marekani, vingine Ulaya, vingine Uchina, na vingi hufika kama mitumba, vibandiko vyao vimechunwa au vimefutika kwa jua. Kwa hivyo mtoto wa Kenya anaweza kukaa katika kiti cha Kimarekani kilichoandikwa kwa ratili, ndani ya gari la Kijapani lenye maelezo ya Kijapani, akiendeshwa na mzazi anayefikiri kwa kilo na kwa Kiswahili. Tumeagiza chuma, tumeagiza plastiki, tumeagiza nambari. Maelezo yanayozipa nambari hizo maana tumeyaacha bandarini.

Najua pingamizi litakalotolewa. Msomaji atasema: Daktari, unazungumzia kero za wachache wenye magari. Watoto wengi wa nchi hii huenda shuleni kwa miguu, kwa matatu, kwa mabasi ya shule ambamo hawafungwi chochote, au kwa bodaboda wakiwa watatu nyuma ya dereva. Pingamizi hilo ni la haki, na silipuuzi. Shirika la Afya Duniani limetangaza mara nyingi kwamba majeraha ya barabarani ndiyo yanayoongoza kwa kuwaua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29 duniani. Mtoto aliyepakatwa kwenye bodaboda yumo katika hatari kubwa kuliko binti yangu, na anayedai usalama wa mmoja hana budi kuudai wa mwingine.

Lakini nataka tutofautishe hatari inayotokana na kukosa na hatari inayotokana na kutoelezwa. Ya kwanza inahitaji fedha nyingi na miaka mingi. Ya pili inahitaji karatasi na wino. Tena hiyo ya pili haiishii katika kiti cha gari. Maelezo tusiyoyaelewa yako katika mtungi wa gesi, katika dawa ya kupulizia mimea, na katika tairi la basi la shule. Tukijifunza kudai sentensi kamili kwa kifaa kimoja, tutajua namna ya kuidai kwa vingine.

Na hatuanzi patupu. Mwaka 2003 aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, alitoa kanuni za matatu ambazo zilianza kutekelezwa Februari 2004. Wapo waliozilalamikia, lakini sidhani kuna aliyesema kwamba hakuzielewa. Kila abiria awe na mkanda, na aufunge. Sharti hilo fupi lilitamkwa na makanga, na askari, na watoto wakicheza. Utekelezaji umelegea tangu wakati huo, jambo ambalo ni aibu kwetu, lakini kanuni zile zilidhihirisha kwamba sheria ya usalama ikieleweka katika lugha ya watu huingia vinywani mwao kabla ya kuingia mahakamani.

Je, tufanye nini? Kwanza, Shirika la Viwango, KEBS, na Mamlaka ya Uchukuzi na Usalama Barabarani, NTSA, yafaa yadai kwamba kila kiti cha mtoto kinachouzwa nchini kiwe na kibandiko cha Kiswahili na Kiingereza, chenye uzani kwa kilo, kinachotaja mambo mawili kwa sentensi mbili tofauti: uzani wa mtoto ambao mikanda ya kiti inaweza kuubeba, na uzani wa mtoto ambao vishikizo visitumiwe baada yake. Haya si kuombana hisani. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike kikamilifu na bidhaa, na katika kifungu cha 7 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Haki hizo mbili zikutane katika ubavu wa kiti.

Pili, wanaouza magari yaliyotumika wangeweza kumpa mnunuzi ukurasa mmoja tu uliotafsiriwa, unaoonyesha vishikizo viko wapi na kitabu cha gari kinasema nini kuvihusu. Wapo vijana wetu wengi waliosoma Kijapani wanaotafuta kazi.

Tatu, naliweka mbele ya walimu wenzangu. Mtaala wa umilisi unataka mwanafunzi aihusishe hesabu na maisha yake. Hili hapa zoezi lisilogharimu chochote: kikomo cha jumla ni kilo 29.5, kiti kina kilo 10, je, mtoto wa kilo ngapi anaweza kushikiliwa na vishikizo? Mwalimu wa sayansi aongeze kasi na nguvu. Mwalimu wa Kiswahili awaulize wanafunzi waandike jibu hilo katika kibandiko ambacho nyanya yao anaweza kukielewa. Nadhani atagundua, kama nilivyogundua mimi, kwamba kazi ya tatu ndiyo ngumu kupita zote.

Kabla sijamaliza, sina budi kuondoa dhana moja inayoweza kuzaliwa na makala haya. Kuvuka kikomo cha vishikizo si sababu ya kukitupa kiti, wala si sababu ya kumkalisha mtoto bila kufungwa. Maana yake ni kwamba kiti kile kile sasa kifungwe kwa mkanda wa gari, ambao nguzo zake ziliundwa ili kumzuia mtu mzima, pamoja na ukanda wa juu pale kitabu cha kiti na cha gari vinaporuhusu. Visitumiwe vishikizo na mkanda wa gari kwa pamoja isipokuwa maelezo yamesema hivyo waziwazi. Na mtoto mkubwa anayekaa kwenye kiti cha kumwinua tu, huku akifungwa na mkanda wenyewe wa gari, suala lake ni jingine, kwa kuwa hapo mkanda ndio unaomzuia yeye, na vishikizo, vikiwapo, kazi yao ni kukituliza kiti.

Binti yetu bado anakaa katika kiti alicholetewa na mjomba wake. Kukifunga kwa mkanda wa gari kulinichukua nusu saa siku ya kwanza, nikipiga goti juu ya kiti na kuvuta kwa jasho mpaka kikaacha kutikisika. Yeye alisimama nje akinitazama, akaniuliza kwa nini nimeondoa kile kinacholia. Nikamjibu kwamba amekua. Kisha nilichukua kipande cha karatasi, nikaandika kwa Kiswahili, nikakibandika juu ya kile kibandiko cha Kimarekani ili mama yake, au mjomba, au yeyote atakayerithi kiti hicho asije akasoma nambari bila maneno: "Vishikizo mwisho mtoto wa kilo 19.5. Akizidi hapo, funga kiti kwa mkanda wa gari."